Kucha za mama zimekuwa njano na kifua hakiponi. Ni ugonjwa mmoja?

Daktari, shikamoo.

Nakuandikia kwa ajili ya mama yangu, ana miaka 61. Hajawahi kuvuta sigara. Macho yake hayaoni vizuri vitu vya karibu, kwa hiyo mimi ndiye humkata kucha, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Zamani nilikuwa namkata kila baada ya wiki mbili hivi. Siku hizi kikata kucha kinakaa kwenye droo mpaka nakisahau, maana hakuna cha kukata. Kucha hazioti. Zimekuwa nene na ngumu, zimejipinda kwa pembeni, na rangi yake ni njano iliyofifia, mbili tatu zinaelekea kijani. Ni vidole vyote, vya mikono na vya miguu. Baadhi zimeanza kuachana na nyama.

Duka la dawa walimwambia ni fangasi bila kipimo chochote. Akapewa dawa ya kupaka, halafu vidonge, vilipoisha akapewa vingine. Hakuna kilichobadilika, na vidonge anavimeza mpaka leo.

La pili ni kifua. Anakohoa, makohozi ni mengi hasa asubuhi, na pua zimeziba mwaka mzima kama mtu mwenye mafua yasiyotaka kuondoka. Mwaka jana akaanza kuhema akipanda ngazi. Tulimpeleka hospitali, picha ikaonyesha maji pande zote mbili za kifua. Yalitolewa, lita moja na nusu upande wa kulia peke yake, akapata nafuu, kisha yakarudi. Makohozi yalipimwa TB, wakasema hana. Daktari mmoja akasema ni moyo, akamwandikia dawa za kukojoa. Mwingine akasema moyo hauna neno.

Miguu nayo inavimba kuanzia kwenye vifundo. Mama anasema ni uzee na viatu.

Nilimwuliza daktari wa kifua kama kucha zinahusika. Akatabasamu, akasema, "Kucha mpelekee daktari wa ngozi." Wa ngozi nilipomweleza habari za maji ya kifuani, akasema hayo si yake. Daktari, inawezekana yote haya yakawa ugonjwa mmoja? Kama upo, unapimwaje? Na sisi wanawe, tutaurithi?

Binti mwenye wasiwasi

*

Marahaba, binti.

Inawezekana. Upo ugonjwa unaobeba yote matatu, na umepewa jina la kile ulichokiona wewe kwanza: sindromu ya kucha za njano, sindromu ikiwa ni kundi la dalili zinazotokea pamoja. Madaktari wawili wa Uingereza, Samman na White, waliueleza mwaka 1964 kwa kuwatazama wagonjwa 13 ambao kucha zao zilikuwa za njano na zinaota polepole mno, wengi wao wakiwa na uvimbe wa majimaji. Mwaka 1966 daktari mwingine, Emerson, akaongeza maji ya kifuani kwenye picha hiyo. Ni ugonjwa adimu kwelikweli. Makadirio ya kawaida ni chini ya mtu mmoja katika kila watu 1,000,000, na wengi huupata baada ya miaka 50, wanawake kwa wanaume.

Sijamwona mama yako, kwa hiyo sitasema anao. Ninachosema ni kwamba barua yako ina sababu za kutosha za kumfanya daktari mmoja akae chini na kumtazama mama mzima mzima, kuanzia vidoleni. Ugonjwa huu huponyoka hivyohivyo ulivyosimulia: wa ngozi anaona kucha, wa kifua anaona maji, miguu anaachiwa uzee. Daktari aliyekutabasamia pengine hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hii hata mmoja, na simlaumu sana kwa hilo. Namlaumu kwa kutoangalia mikono. Mikono ya mgonjwa wa mapafu huangaliwa kila mara, maana hata saratani ya mapafu na magonjwa kadhaa ya moyo hujitokeza kwenye ncha za vidole.

Tuanze na kucha, kwa sababu bila kucha utambuzi huu hausimami. Rangi peke yake haitoshi. Sigara hutia njano, rangi ya kucha hutia njano, baadhi ya dawa pia. Kinachonishtua kwenye barua yako ni kile kikata kucha kilichosahaulika kwenye droo. Ukucha wa mkono wa mtu mzima huota kama milimita 3 kwa mwezi. Kwenye sindromu hii mara nyingi hauvuki robo milimita kwa wiki, yaani mwezi mzima unapita na haujavuka milimita moja. Kwa kuwa hauendi mbele, unanenepa na kuwa mgumu, unajipinda kutoka upande hadi upande, na mwisho unaachana na nyama iliyo chini yake. Angalia pia shina la ukucha. Kile kingozi chembamba kinacholiziba kwa kawaida hupotea, na kale kamwezi keupe hakaonekani tena.

Unaweza kupima mwenyewe nyumbani. Chukua tupa ya kucha, kwangua mstari mwembamba wa kulala juu ya ukucha wa kidole gumba, karibu na shina, bila kugusa ngozi. Piga picha kwenye mwanga wa mchana, rula ikiwa imelazwa kando ya kidole. Baada ya wiki nne piga nyingine vilevile. Mstari ukiwa umesogea milimita tatu, habari inabadilika kabisa. Ukiwa palepale au haujavuka milimita moja, hiyo picha ni ushahidi ambao hakuna daktari atakayeupuuza kirahisi. Lakini usisubiri wiki hizo nne ndipo umpeleke. Mambo mawili haya yaende pamoja.

Sasa fangasi. Huanza zaidi kwenye kidole kimoja au viwili, tena vya miguu, na ukucha wake humeguka na kujaa ungaunga chini. Kucha zote ishirini kubadilika kwa pamoja si tabia yake ya kawaida. Njia ya kujua ni kukwangua ukucha na kupeleka maabara, waangalie kwa hadubini na kuotesha. Mtu anayeendelea kumeza dawa za fangasi anaweza kupata jibu la uongo la kwamba hana, ndiyo maana huombwa aache kwa wiki kadhaa kabla ya kukwangua. Na wakimkuta na fangasi, msifunge faili, kwa sababu kucha zilizoachana na nyama huvamiwa na fangasi kwa urahisi, chanzo kikiwa kingine.

Hivyo vidonge vyenyewe vinanitia wasiwasi kuliko kucha. Hukuvitaja jina. Kama ni itrakonazoli, inajulikana kuwa inaweza kudhoofisha moyo, na maelekezo yake yanakataza kuitumia kutibu fangasi ya kucha kwa mtu ambaye moyo wake umeshashindwa kufanya kazi vizuri. Mama amevimba miguu, ana maji kifuani, na madaktari wawili hawajakubaliana kuhusu moyo wake. Hakuna aliyempima fangasi wakati wote huo. Sioni sababu ya yeye kumeza kidonge kingine cha fangasi kabla ya kuonana na daktari. Aende na pakiti zote, hata zilizobaki tupu. Dawa za kukojoa asiziache kwa uamuzi wenu. Hizo ni za kuzungumza na aliyeziandika.

Umeuliza kucha, kifua na miguu vinaunganishwaje. Jibu linalokubalika zaidi ni mfumo wa limfu, ile mitaro midogo iliyoenea mwilini kote inayokusanya majimaji yaliyovuja kwenye tishu na kuyarudisha kwenye damu. Mitaro hiyo ikizembea, miguu inavimba, na kifuani majimaji yanatuama kati ya pafu na ukuta wa mbavu. Kwa nini izembee, na kwa nini kucha ziwe njano, hapo sayansi bado inajadiliana.

Katika matatu, yaani kucha, uvimbe wa limfu na kifua, madaktari wengi huridhika na mawili, kucha zikiwemo. Wagonjwa wengi hawana yote kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kukohoa miaka kadhaa kabla kucha hazijabadilika, au kinyume chake. Zile pua zilizoziba mwaka mzima zitaje pia. Sinusi zisizopona, yaani vile vijitundu vya hewa vilivyo ndani ya uso kandokando ya pua, ni sehemu ya ugonjwa huu, na watu huzisahau kwa sababu zimeshakuwa mazoea.

Lakini hakuna kipimo kimoja cha damu kitakachosema "ni huu". Hutambuliwa baada ya kuondoa mengine, na hayo mengine ni ya kawaida zaidi, mengi yanatibika, na baadhi huua yakicheleweshwa. Hapa ndipo nataka uwe mkali, kwa madaktari na kwako mwenyewe. Usilipende jina adimu mpaka likawafanya msitafute la kawaida.

La kwanza ni TB. Makohozi safi hayaondoi TB ya utando wa mapafu, kwa sababu kwenye TB ya namna hiyo vijidudu mara nyingi havionekani kwenye makohozi kabisa. Maji yenyewe ndiyo ya kupimwa, na wakati mwingine kinyama kidogo cha utando. Ni kweli TB hupenda upande mmoja na mama ana pande mbili, ila hilo peke yake halitoshi kuifuta. Tatizo jingine ni kwamba maji ya sindromu ya kucha za njano mara nyingi yana protini nyingi na yamejaa limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, na ya TB yako hivyohivyo, na ya baadhi ya saratani pia. Kwa hiyo akirudi kutolewa maji, uliza: yamepelekwa wapi, na yamepimwa nini? Yapimwe protini na kimeng'enya cha LDH pamoja na vya kwenye damu, chembe na aina zake, TB, chembe za saratani. Uliza hata rangi. Yakiwa meupe kama maziwa yapimwe mafuta, maana hiyo ni limfu iliyovujia kifuani, na hutokea kwa baadhi ya wagonjwa hawa. Kuyatoa na kuyamwaga ni kumpa mgonjwa nafuu na kumnyima jibu.

La pili ni moyo. Moyo uliochoka hujaza maji pande zote mbili na kuvimbisha miguu, na ni wa kawaida kuliko ugonjwa wetu kwa umbali mkubwa. Maji yake huwa mepesi, protini chache. Mama ameshatumia dawa za kukojoa, na hizo hupunguza maji na kuiacha protini nyuma, kwa hiyo maji ya moyo yanaweza kuonekana mazito. Daktari ajue kwamba alikuwa akizitumia kabla ya maji kutolewa. Ubishi wa madaktari wako wawili unakatwa na altrasaundi ya moyo, kipimo kisicho na maumivu. Kama haijafanyika, iombwe. Kama imefanyika, tafuta karatasi ya majibu, isiwe "walisema hauna neno".

Figo na ini pia huvimbisha watu: mkojo upimwe protini, damu ipimwe albumini, protini inayotengenezwa na ini. Na tezi ya shingo isisahaulike. Ikifanya kazi chini ya kiwango, kucha huota polepole, mwili huvimba, na hata maji kifuani yanaweza kutokea. Ni kipimo cha damu tu, na dawa yake ipo.

Saratani nayo itafutwe, kwa sababu sindromu hii imewahi kuonekana pamoja na saratani za mapafu, matiti na limfu. Kipimo cha CT cha kifua kitafanya kazi mbili: kutafuta uvimbe wa saratani, na kuona kama njia za hewa zimetanuka na kulegea. Hali hiyo ya pili, bronkiektasisi, huandamana na ugonjwa huu na ingeeleza makohozi mengi ya asubuhi. Matiti yakaguliwe pia. Kama mama ana baridi yabisi ya viungo, sema. Ugonjwa huo umehusishwa na sindromu hii, na baadhi ya dawa zake, kama penisilamini na sindano za dhahabu, zimewahi kuileta.

Miguu unaweza kuichunguza wewe. Jaribu kuifinya na kuiinua ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia. Kwa mtu wa kawaida ngozi inashikika. Kwenye uvimbe wa limfu imenenepa, haikubali kuinuliwa. Kisha bonyeza mbele ya mfupa wa muundi kwa kidole gumba kwa sekunde kadhaa. Shimo la kina linalobaki huelekeza zaidi kwenye moyo, figo au ini, ingawa uvimbe wa limfu ukiwa mchanga nao hubonyea. Andika ulichokiona.

Utamwendea nani na hivi vyote? Mimi ningeanza kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, kwa sababu kazi yake ni mwili mzima. Huyo ndiye ataamua wa kifua na wa ngozi waingie wapi. Mpelekee ukurasa mmoja, usizidi: lini kucha zilibadilika, lini kikohozi, lini miguu, maji yalitolewa mara ngapi na majibu yake, dawa zote. Bandika na picha. Kisha anza na sentensi moja: "Mama ana kucha za njano zisizoota, maji kifuani yanayorudi, na miguu imevimba, naomba yaangaliwe kwa pamoja." Jina la ugonjwa liweke mfukoni mpaka amalize kumchunguza. Ukianza nalo, baadhi ya madaktari watasikia "nimesoma kwenye intaneti" na masikio yatafungwa. Dalili zenyewe zina sauti. Akimaliza bila kuligusa, litamke waziwazi: "Je, inaweza kuwa sindromu ya kucha za njano?" Na mama asipake rangi ya kucha siku hiyo.

Ikithibitika, mjiandae kwamba hakuna dawa inayoung'oa. Kila sehemu inatibiwa kivyake. Kwa kucha, vitamini E ya dozi kubwa ndiyo imejaribiwa zaidi, peke yake au pamoja na dawa za fangasi za jamii ya itrakonazoli, ambazo hapo hutumika kwa sababu huhimiza ukucha kuota. Kwa hiyo ukikutana na mgonjwa aliyepona kucha kwa dawa ya fangasi, si lazima alikuwa na fangasi. Ushahidi wa tiba hizi ni wa wagonjwa wachache wachache, na kucha za baadhi ya watu hurudi zenyewe bila kitu, jambo linalofanya iwe vigumu kujua nani kaponywa na nini. Vitamini E nyingi msimwanzishie wenyewe, hasa kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kifua ndicho kitakachoamua maisha yake ya kila siku, na hapo kuna mengi ya kufanya: mazoezi ya kutoa makohozi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, antibiotiki maambukizi yanapoingia, na kwa wengine azithromaisini ya dozi ndogo kwa muda mrefu. Chanjo za mafua na nimonia zina maana sana kwake. Maji yanayorudi kila yakitolewa yanaweza kuzuiwa kwa kuugandisha utando wa pafu kwenye ukuta wa kifua ili nafasi ya kutuama isiwepo. Miguu hutunzwa kwa bendeji au soksi za kubana, baada ya daktari kuhakikisha mishipa ya damu na moyo vinaruhusu, pamoja na kutembea na kuilinda ngozi isichanike. Dawa za kukojoa haziusaidii sana uvimbe wa limfu, na hilo pia ni la kumwuliza daktari.

Usisubiri miadi kama atashindwa kupumua akiwa ametulia, akikohoa damu, akipata homa na maumivu ya kifua, mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au ukiwa mwekundu na wa moto. Siku hiyo ni idara ya dharura moja kwa moja.

Kuhusu urithi: visa vya kifamilia vimewahi kuripotiwa, ila ni vichache sana, na wagonjwa walio wengi hawana ndugu mwenye tatizo hilo. Sioni cha kuwapima ninyi watoto. Wala si wa kuambukiza, mshike mikono kama kawaida. Kikata kucha chake tu kiwe chake peke yake mpaka maabara iseme kama kuna fangasi au hakuna.